Mama aliniita kutoka ng'ambo ya mto

Jumapili, 18 Oktoba 2015. Lackawanna, nyumbani kwa binamu. Upepo wa ziwa unasukuma dirisha, na mimi nimeamka na hasira isiyo na pa kwenda.

Watu wa kanisa letu la Columbus watarudi wakisimulia kwamba safari ilikuwa nzuri. Bon, ni kweli. Tulikuwa kumi na mmoja, magari mawili, saa tano na nusu barabarani. Jana asubuhi tuliingia shamba la matufaha, ukichuma unakula, na nilichuma arobaini na moja. Tukazunguka ngome ya zamani, tukapanda juu ya kuta zake. Majani ya miti yamekuwa mekundu na manjano hata kilima kizima kinafanana na makaa. Nilipiga picha. Nilicheka pia, nakiri.

Lakini sikuja kwa ajili ya majani.

Nilijiandikisha kwa sababu ratiba ilisema alasiri tutapumzika Lewiston, mji wa kale ulio kando ya mto. Kwenye ramani ya simu nilipima upana wa mto pale: mita mia mbili na hamsini hivi. Ng'ambo ni Canada. Mama yuko Canada na mdogo wangu Mapendo, tangu faili la ukimbizi la familia yetu lilipokatwa vipande viwili kambini Burundi, wao wakapelekwa kule, sisi huku.

Miaka sita sijamwona. Nimeomba viza ya kwenda kwake mara mbili, yeye ameomba kuja kwangu mara moja. Zote tatu zimekataliwa kwa sababu ileile: wanaogopa kwamba aliyekwenda hatarudi. Mimi, mwenye mkataba wa nyumba Hilliard, mwenye gari nililolinunua mwenyewe, ninayesimamia watu kumi na wanne ghalani! Nitorokee wapi, na kwa nini?

Kama maji yangekuwa barabara, ni dakika tatu kwa miguu.

Pale ukingoni kuna sanamu za watu weusi wakipanda mashua. Maandishi yanaeleza kwamba zamani watumwa waliotoroka walivukia huku kwenda kuwa huru. Niliyasoma mara mbili. Kisha niliondoka hapo haraka, maana nilianza kuwaonea wivu, na huo ni wivu wa mtu mjinga.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Mapendo amlete Mama hadi ukingo wa kwao saa tisa kamili, amvalishe nguo nyekundu nimwone. Nani alifikiria hiyo nyekundu? Mimi. Mtu wa hesabu. Nyuma yao kilima kizima kilikuwa chekundu. Nilitafuta dakika nne nzima mpaka nikaona mtu mdogo anapunga kitambaa, na kando yake mwingine mdogo zaidi, ametazama upande mwingine kabisa.

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Mapendo alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa si kuona.

"Mama, angalia huku," nilisema kwenye simu.

Mama aliisukuma simu. Akaweka mikono mdomoni, akaniita kama wanavyoita milimani kwetu juu ya Uvira, kutoka kilima hadi kilima, jina likivutwa mpaka lipande mwishoni:

"Nabintuuu-weee!"

Ilivuka. Kweli ilivuka.

Wavuvi wawili wakageuka. Mama mmoja wa kizungu, simu mkononi tayari, akauliza kama kuna mtu aliyeanguka majini. Nami, ee Mungu, nilitabasamu tabasamu langu la kazini, nikasema hapana, kila kitu kiko sawa.

Sikuitika.

Milimani ukiitwa, unaitika. Ukiitwa mara tatu bila kuitika, watu huchukua machela na kushuka bondeni kukutafuta. Mama aliita mara ya pili.

"Dada, itika! Ile ni ya pili!" Ni Byamungu, kaka yetu wa mwisho, aliyeendesha saa tatu na nusu kutoka Louisville hadi Columbus ili aungane nasi.

"Batu banaangalia," nilimnong'oneza, nikiwatupia jicho wale wavuvi.

"Baangalie. Kwani bo ndio balikuzala?"

Mama akaita ya tatu. Nilifungua mdomo, ikatoka sauti ndogo, safi, ile ya kuomba ruhusa. Haikufika hata katikati ya mto. Simu ikalia.

"Mama anauliza," Mapendo alisema, analia na kucheka pamoja, "kama kweli mulifika, ao munatudanganya na telefone."

Hapo nilitupa mkoba chini. Nilivuta pumzi kutoka tumboni, nikapiga ukelele ambao sijaupiga tangu nilipokuwa nachunga mbuzi:

"Eeee! Niko huku, Maaama!"

Mama akageuka. Si kwa macho. Kwa sikio. Akanitazama moja kwa moja bila kuniona.

"Umekulaaa?"

"Nimekulaaa!"

Watu wa kanisa walikuwa wamesogea ukingoni. Yule mama wa kizungu alikuwa bado ameshika simu yake, ila mkono ulikuwa umeshuka. Upepo ukatulia kidogo, na Mama akaita neno aliloniita nalo kila jioni ya utoto wangu:

"Njoo nyumbani, baridi imeshuka!"

Na mimi, bila kufikiri, nikajibu kama mtoto yeyote anavyojibu.

"Nakujaaa!"

Mapendo anasema Mama hakutaka kuondoka pale. Alikaa kwenye benchi hadi saa kumi na moja, akingoja. Mwanangu amesema anakuja, aliwaambia wapita njia kwa Kiswahili.

Sasa ni saa mbili asubuhi. Magari yamejaa matufaha na watu wananiita nje. Saa tatu tunaondoka, maili mia tatu na thelathini kuelekea kusini.

Mara hii ninaitika upesi.