Koti Lililovaliwa Kinyume

Karatu,
Julai 1982

Mpendwa dada Blandina,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Martini. Natumaini mnaendelea kupata nguvu tangu mlipomzika mtoto wenu. Mimi ni mzima, ila vidole bado vina ganzi, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Unajua baridi ya Julai inavyotutesa sisi watu wa zahanati ya Olbalbal. Ukipanda na pikipiki hadi ukingo wa kreta, ukungu unakulowesha mpaka kwenye mifupa. Ndiyo maana koti tunalivaa kinyume, vifungo mgongoni, upepo usipate pa kupenya. Uliwahi kucheka mpaka ukakaa chini uliponiona naingia hapo kwenu Qurus hivyo. Safari hii, dada, hakuna cha kucheka.

Jana alfajiri alifariki Nashipai, mke wa rafiki yangu Lembris. Alijifungua mtoto wa kiume kabla ya miezi kutimia, na damu haikukatika. Nilijitahidi, nikashindwa. Lembris yuko mbali malishoni na ng'ombe, na wanawake wanaonyonyesha wote wamehama kufuata maji. Amebaki Seenoi, bibi wa mtoto. Nikamwambia tumkimbize hospitali Karatu. Akampaka mtoto mafuta ya mkia wa kondoo, akamfunga kwenye shuka, akataka kumpakata nyuma yangu kwenye pikipiki. Nilikataa. Nikasema penye joto ni ndani ya koti langu. Hakubishana. Alimweka kifuani pangu, akanifunga vifungo mgongoni, akapanda.

Kule juu gurudumu la mbele sikuliona kwa ukungu. Koti likaroa, kisha shati. Mtoto alikuwa kimya, nikadhani amelala. Kumpapasa sikuweza, maana vifungo vilikuwa nyuma, na mikono yenyewe haikuhisi kitu. Tulipofika kwenye geti la hifadhi Seenoi akanifungua. Mtoto alikuwa wa baridi kama kokoto ya mtoni, midomo ya buluu. Kumbe upepo wote ulikuwa umenimaliza mimi niliyekaa mbele, na joto lilibaki kwa yule bibi niliyemkinga kwa mgongo wangu. Alimchukua, akamlaza tumboni, ngozi kwa ngozi, na tulipokaribia Karatu mtoto akalia kidogo. Seenoi hajanilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Mtoto yuko hai, ila maziwa ya ng'ombe anayatapika, na sauti inazidi kufifia. Nina hofu, dada. Leo asubuhi muuguzi aliponiuliza mama yake yuko wapi, nilimjibu hivi: "Yuko Qurus, anakuja leo."

Nilikuwa nakutaja wewe. Mama aliniambia kwamba bado unajifunga kanga kifuani ili maziwa yakauke. Ninachokuomba ni kikatili, na ningekuwa mbele yako nisingethubutu kukitamka. Lakini mtoto huyu nilimtoa penye joto kwa ujuaji wangu, na mimi sina cha kumpa.

Aliyekuletea barua hii ni Metui, mwenzangu wa zahanati niliyemkuta hapa Karatu. Anakusubiri nje na pikipiki, nimemvisha koti langu. Ukishindwa, mwambie tu arudi peke yake. Sitakuuliza kamwe, na wewe utabaki dada yangu.

Ukikubali, mwombe shemeji ruhusa, ujifunike blanketi zito, ukae nyuma ya Metui umshike sana, usione haya. Upepo mwachie yeye. Wewe nifikishie kifua chako kikiwa na joto.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Josephati