Nimefunika Mstari wa Mzee kwa Polishi ya Viatu

Mama Kezia, shikamoo, nakuandikia nikiomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kazi yangu inatakiwa kwenye ibada.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Kayole, na jirani yetu mjane, Mama Nakhumicha, aliniletea mbao za kabati la marehemu mumewe nimtengenezee meza ya ibada ya kumbukumbu, nami nilipopiga randa nikagundua ni walnut, mti wa ng'ambo ambao tumezoea kuusikia tu, kahawia iliyoiva, unakatika laini wala haupasuki, ila ubao mmoja ulikuwa na mstari mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na marehemu baba yangu, aliyekuwa mchongaji, alinifunza kwamba mti wenye weupe haupati mnunuzi, unaupaka polishi ya viatu mpaka ufanane na mpingo, basi nikaipaka meza nzima mara tatu na nikajisifu. Jana Mama Nakhumicha akanipigia simu, "Muoki mwanangu, ule mstari mweupe uelekeze kwenye kiti changu, mzee wangu alikuwa akiupitishia kidole kila asubuhi akichukua kofia kabatini." Nikamjibu, "Sawa, mama." Sasa nimwambie ukweli, ama nichore mstari mwingine kwa rangi nyeupe?

Muoki, Kayole

Mama Kezia anajibu: Muoki, weka hiyo brashi chini. Ukichora utamdanganya mjane mara ya pili, na kidole chake kitajua.

Pole, najua ulivyolelewa. Lakini baba yako alimuuzia mpita njia vinyago, na huyu mama hakukuletea mbao za kuuza. Wewe fundi mzima umeshika walnut kwa mara ya kwanza ukaigeuza mpingo wa uongo! Ule weupe si ugonjwa, ni sehemu changa ya mti iliyokuwa karibu na gome. Mbao kama hiyo hupakwa mafuta tu, nyuzi zake zionekane.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda leo kwa miguu yako ukamwambie, usipige simu. Mwambie pia kwamba polishi imeingia kwenye vitundu vya mbao na huenda isitoke yote. Kisha mkaribishe karakanani, mpe kiti. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini, halafu msasa laini, kwa mkono, ukifuata nyuzi. Mashine usiiguse, itakula mstari wenyewe.

Weupe ukianza kuonekana, simama hapo hapo. Ondoa mkono wako, umwache mama apitishe kidole kwanza.