Magunia ya Chumvi

Kwa mnaopita humu: ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa upya, nilipokuwa bado fundi wa mabomba ya maji hapa Tanga. Nimesahihisha tahajia tu. Mengine yamebaki kama nilivyoyaandika siku ile.

Jumatano, saa tisa na nusu alasiri. Joto la kaskazi, hata jani halitikisiki. Feni inazunguka juu ya kichwa changu na kunirudishia joto lilelile.

Leo nimeona majani mabichi, na tangu niyaone sina raha.

Najua ni kichekesho, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita kuogopa majani. Lakini nilikuwa napita mtaa wa Mabawa kwa miguu, nakwenda kumwona mwanangu Neema na mtoto wake, na njia nzima ardhi imekauka, nyasi zimekuwa rangi ya katani. Halafu ghafla, nyuma ya nyumba kama tatu hivi, naona ukanda wa kijani, umenyooka kana kwamba mtu alipima kwa kamba. Kuna aliyepanda mchicha hapo, na mchicha wenyewe umenawiri hadi unatia hasira. Mbele kidogo kuna kishimo kina maji, na akina mama wawili walikuwa wanachota kwa kata.

Wameniambia ni chemchemi, Mungu kawajalia. Mmoja akanikaribisha nionje.

Chemchemi hainyooki hivyo. Kinachonyooka hivyo ni bomba, na bomba lile nalijua, kwa sababu mimi ndiye niliyelikagua kabla halijafukiwa.

Bora niandike ukweli sasa hivi, maana nikiuacha leo sitauandika tena.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga ukiipata unaificha chini ya godoro mpaka sikukuu. Kazi yetu ilikuwa kulaza bomba la chuma la kupeleka maji Mabawa. Huku kwetu pwani chuma kikizikwa kitupu kinaliwa na kutu upesi sana, kwa hiyo bomba huvishwa nguo kwanza. Nguo yake halisi ni utepe maalumu unaoagizwa kutoka nje, na miaka ile kutoka nje hakikuja kitu. Tukabuni ya kwetu: magunia ya katani, tunayachana vipande virefu, tunavichovya kwenye lami ya moto na kulizungushia bomba. Mkoa mzima umejaa katani, kwa nini tulie? Nilijivunia ubunifu ule, nakiri. Nilitembea kifua mbele.

Siku ya mwisho vipande vikaisha, na mabomba kumi na mawili bado hayajafungwa. Lami inachemka pipani, kuni zinakwisha, na lori la kuazima linatakiwa kurudishwa jioni ileile. Dereva akaondoka, akarudi na mzigo wa magunia kutoka kwenye mashamba ya chumvi. Hakuna aliyemuuliza kayapataje. Miaka ile kitu kikipatikana unashukuru na kunyamaza.

Mzee Kombo, Mpemba, ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kufunga, na alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alichukua gunia moja, akalipapasa, kisha akaliweka ulimini.

"Mwanangu, haya yana munyu," akaniambia. Chumvi. "Tuyaoshe kwanza."

Nikacheka. Tuyaoshe na nini? Maji hayajafika Mabawa, ndiyo kwanza tunayaleta! Tukayapigapiga kwenye shina la mnazi, chumvi ikatoka kama vumbi, tukaridhika. Hapana, niliyeridhika ni mimi. Yeye alichovya na kufunga kama nilivyomwagiza.

Kila mwenye mkebe wa chumvi jikoni anajua kwamba chumvi huvuta unyevu. Mimi nilijua zaidi ya hapo, maana nilisomeshwa. Gunia lenye chumvi likikaa katikati ya chuma na lami, juu bomba linang'aa jeusi na zuri, chini linaoza kimyakimya. Mashine ya kupima kama lami ina matundu tulikuwa nayo, ila haikuwa na betri. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na mstari wa kila bomba. Nikaandika "Safi" mara kumi na mbili, nikatia saini.

Miaka minane nimekuwa nikipita pale nikijitia hamnazo.

Basi leo sikwenda kwa Neema moja kwa moja. Nilikwenda kwanza kwa Mzee Kombo, ambaye amestaafu na anaishi mtaa huohuo. Nilimkuta barazani anatengeneza jiko la mafuta la jirani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akasema, "Umeyaona."

Kumbe anayajua tangu mwezi uliopita. Amewakataza wale akina mama wasichote, wakamcheka, wakasema mzee anaona kijicho kwa riziki ya watu. Akanionyesha kwa kidole upande wa kishimo. Vyoo vya shimo viwili. Kimoja hakifiki hatua kumi kutoka kwenye kile kishimo.

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Bomba likiwa na tundu na maji yanasukuma kutoka ndani, yanamwagika nje, hasara basi. Balaa ni pampu ikisimama. Bomba likibaki tupu linavuta, na linavuta kilichopo nje yake: maji ya kishimo kile, pamoja na chochote kilichochuruzika kutoka chooni. Pampu ikiwashwa tena, vyote vinasukumwa hadi majumbani. Na siku hizi za mgao wa umeme pampu inasimama karibu kila siku.

Nyumba ya Neema iko mbele ya hapo, kwenye bomba hilohilo.

Nilimwambia Mzee Kombo kwamba ofisini kuna orodha. Alikuwa anajua, nani hajui? Ruksa imetuletea vitenge, redio na sabuni za kila rangi, na imetuletea pia orodha ya watakaopunguzwa kazi. Ya kwetu inakamilishwa wiki hii. Fundi mwenye kosa lililoandikwa hahitaji kutafutwa, jina lake linatangulia.

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Waambie ni mimi," akasema. "Magunia nilifunga mimi. Mie n'shastaafu, wataniondoa wapi tena?"

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayekuazima mwavuli. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukataa. Nilisema tutaona. Nikamshukuru, nikaondoka, na njiani nikaanza kuitunga sentensi: fundi aliyefunga hakuyaosha magunia. Kila neno ndani yake ni la kweli. Niliirudia mpaka mlangoni kwa Neema.

Kwa Neema nilimkuta mjukuu wangu analia. Anaharisha tangu jana. Neema anasema ni meno, na kwa miezi saba huenda ni meno kweli. Nilimuuliza kama anachemsha maji ya mtoto.

"Mama, mkaa wenyewe uko wapi? Kwani haya si ya bomba?"

Ya bomba. Huyu ni mtoto niliyemlea nikimwambia maji ya bomba hayana wasiwasi, mama yako ameyakagua. Shuleni alikuwa akiwaringia wenzake kwa hilo. Nikamwambia achemshe tu, joto limezidi. Sababu gani hiyo niliyoitoa? Akanichotea kikombe kutoka mtungini. Nikanywa chote, kwa kuwa nikikataa ningelazimika kusema.

Yalikuwa na ladha ya chuma. Au nimejitungia mwenyewe.

Sasa niko nyumbani na ile fomu iko mezani. Nakala yake ya kaboni niliihifadhi chini ya nguo kwenye sanduku, sijui kwa nini. Mtu anayetaka kusahau angeichoma. Safi, safi, safi, hadi chini. Mwandiko mzuri, wa mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Jina la Mzee Kombo halimo popote kwenye karatasi hii. Pembeni palikuwa na nafasi ya maoni ya fundi wa kufunga, nami nikaiacha wazi, maana maoni yake nilikuwa nayajua.

Naona aibu. Naona na woga, na siwezi kusema kipi kinanisukuma zaidi. Mshahara wangu ndio unaolisha nyumba hii. Nikiwekwa kwenye orodha sijui nitakwenda kufanya nini, labda kuuza maandazi kama wenzangu wa kiwanda cha nguo. Lakini kila nikifika hapo kwenye hesabu hiyo, nasikia kile kilio cha mtoto.

Nilikuwa nimepanga kumaliza ukurasa hivi: kesho asubuhi nitakwenda kwa injinia wetu wa maji, nitamweleza. Kesho ni neno tamu sana. Nimelitumia miaka minane.

Feni imesimama.

Nimeinua kichwa kusikiliza. Redio ya jirani nayo imenyamaza, na huko nje mtu anausonya mgao. Umeme umekatika. Ukikatika huku unakatika na kwenye pampu. Ni saa kumi na robo. Maji yaliyomo bombani yataendelea kushuka kidogokidogo, watu watamaliza yaliyobaki, na pale kwenye mchicha bomba litaanza kuvuta. Umeme ukirudi, Mabawa nzima itakuwa imepanga ndoo inasubiri.

Siandiki tena mengi. Injinia anakaa Raskazone, nikipiga baiskeli sasa hivi nitamkuta kabla hajatoka. Nitamwomba afunge koki kubwa ya Mabawa kabla pampu haijawashwa tena. Fomu nitampa mkononi. Mzee Kombo nitamtaja kwa jambo moja tu, kwamba aliniambia tuyaoshe.

Lakini nitapita kwanza kwa Neema, amwage mtungi wote. Atauliza kwa nini, maana ni mbishi kama mama yake. Safari hii sitamwambia joto limezidi. Nitampa daftari hili, ausome ukurasa huu mwenyewe.