Mtihani wa sebuleni

Ndugu yangu, unajua hesabu ni chakula changu. Hilo halina mjadala. Sasa sikia yaliyonikuta leo.

Mdogo wangu wa kidato cha nne alishafunga vitabu. Tangu shule zifungwe kwa korona, mtihani wao umeahirishwa na hakuna ajuaye utafanyika lini. "Nisome cha nini, kaka? Nimeshasahau kila kitu." Kutwa kalala kama gunia.

Nikamwambia, "Basi tunafanya wetu hapa sebuleni, mimi na wewe. Uone wanaume wanavyokokotoa!"

Mama akajitolea kusimamia. Barakoa usoni, mwiko mkononi! Simu zetu kazifungia kabatini. Meza kazitenganisha, utadhani hesabu inaambukiza.

Swali la kwanza, jasho. La pili, jasho. La tatu sikuelewa hata linauliza nini. Mtoto kule kalamu inakimbia kama inafukuzwa.

Nikanyoosha shingo kidogo. Kidogo tu, jamani!

"WEWE!" Mama huyo, mwiko juu. "Ndevu zote hizo unamwibia mtoto majibu?"

Nikasema nilikuwa namkagua. Haki ya Mungu, nilisema hivyo.

Mdogo wangu akachungulia karatasi yangu, nyeupe pe. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza polepole, "Mama, kumbe sijasahau?"

"Umesahau nini, na majibu yako yanaibwa?" Mama akamsogezea kalamu. "Endelea, mwanangu. Na wewe mkaguzi, geuza kiti uangalie ukuta."