Mguu wa Lemayani

Wasso,
Jumapili mchana.

Baba, shikamoo.

Kifua kimeachia, au bado unakohoa asubuhi? Na yule maksai mwekundu, anavuta plau vizuri? Mimi mwili hauna neno. Ila nina aibu, baba, na barua hii nimeikwepa wiki tatu kwa sababu hiyo. Dada anayekusomea asiruke mstari hata mmoja.

Barua iliyopita nilijisifu kuhusu Lemayani, kijana wa Kimaasai ninayemfundisha mbio. Nilisema atatuwakilisha mkoani, nawe ukawatangazia watu wote pale mnadani Kansay. Sasa inabidi nikuambie nilichomfanyia.

Unajua kazi yangu ni kuwajenga wakimbiaji miguu na pumzi kabla ya mashindano. Siku ya kwanza niliwawekea sheria: mkimbiaji hatoi sababu, mwenye sababu abaki nyumbani. Nilijiona nimesema neno kubwa sana.

Kiangazi kilipokaza, Lemayani akaanza kubaki nyuma ya wenzake. Nikadhani sifa zimempanda kichwani. Alasiri moja nikamwita mvivu mbele ya wote, nikamtwisha mfuko wa mchanga na kumwamuru apande kilima mara nane. Aliitikia tu, "Sawa, mwalimu." Mara ya sita akaanguka. Nikamfokea ainuke, naye akainuka, baba, akapanda tena kwa mguu uliokwisha kuvunjika mfupa wa muundi.

Hospitalini daktari alipomuuliza asubuhi alikuwa wapi, ndipo nikasikia. Bwawa la karibu na kwao lilikauka. Kila alfajiri alipeleka ng'ombe kwenye maji ya mbali, akawarudisha, kisha akaja uwanjani kwangu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Si ulikataza sababu, mwalimu."

Nilitoka nje nikalia. Wewe hujapata kumfunga nira maksai aliyetoka kunyweshwa mbali. Hata majirani wakiwa wamekwisha kulima, ulimwacha alale mpaka kesho yake. Nimekua nikiliona hilo kwa macho yangu, halafu nikaja kumfunga mtoto wa watu.

Nilikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maziwa, akauliza jambo moja tu: "Sasa ng'ombe watapelekwa na nani?"

Nikasema mimi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mmbulu, mtu wa jembe, achunge ng'ombe zetu?" Lakini kesho yake alinikabidhi fimbo, na mjomba wa Lemayani akafuatana nami, nadhani kunichunga mimi.

Siku hiyo nilifika uwanjani wa mwisho, nikiburuta miguu. Nikakaa chini mbele ya wakimbiaji wangu, nikangoja waseme. Hakuna aliyeniita mvivu. Mmoja aliniletea maji.

Tangu hapo nawapeleka ng'ombe kila alfajiri. Lemayani bado ana plasta. Daktari anasema atatembea vizuri, ila kuhusu kukimbia hasemi kitu, na mimi siwezi kumuuliza mara ya pili.

Nisalimie mama, dada msomaji wetu, kaka mkubwa huko Endabash, na shangazi, mwambie pombe yake naikumbuka.

Na mnadani, baba, naomba usinisifu tena. Wakikuuliza mwanao anafanya kazi gani Wasso, waambie anachunga ng'ombe wa watu, na bado anajifunza.

Mwanao,
Tluway