Karibu Yangu na Sahani ya Serikali

Alhamisi, jioni. Chemchem, Tabora.

Leo jua limewaka kama lina ugomvi na mtu. Mawingu yalikuja asubuhi, yakatuchungulia, yakaenda zao upande wa Sikonge, nadhani huko ndiko yanakojuana na watu. Nimekaa barazani na simu yangu, naandika kwa kidole kimoja, na kichwani kuna swali ambalo sikuamka nalo.

Chakula changu cha mchana analipa nani hasa?

Kwa wachache wasionijua, mimi ni Mjomba Rama. Darasa la saba nilimaliza, ingawa masomo mengi niliyapata nikiwa nje ya dirisha kwa sababu ya utundu. Yaliyobaki nimefundishwa na dunia. Niliwahi kurina asali msituni Sikonge bila moshi na bila shati, nyuki wakanitulia mabegani kama njiwa wa kufugwa, mpaka mafrateri wa seminari ya Kipalapala wakaja kuniuliza dawa niliyopaka. Sikupaka dawa. Ni sura tu.

Basi. Dada yangu Zuhura ana mgahawa hapa Chemchem. Umechaguliwa kwenye mpango wa majaribio ambao serikali imeuleta: mwenye kadi anakula mchana kwa nusu bei, na nusu inayobaki serikali inamlipa mwenye mgahawa. Masharti ni mepesi. Kadi moja, mtu mmoja, sahani moja, na unakulia palepale. Kadi zinapitia kwa mjumbe wa mtaa. Siku ya kuzigawa nilifika kabla ya mjumbe mwenyewe kuamka.

Kabla ya mpango huu, wateja wa uhakika wa Zuhura walikuwa nzi. Sasa meza zinajaa, amechukua wanawake wawili wa kumsaidia jikoni, na kunde anazinunua kwa mafungu makubwa kutoka kwa kina mama wa vijijini. Akitolewa kwenye mpango, wateja watahamia kwenye mgahawa wa jirani unaopokea kadi, na yeye atarudi kwa nzi wake. Hilo analijua. Ndiyo maana aliniwekea sharti lake la peke yake.

"Kaka," aliniambia, "ukiwa na sahani ya kadi, mdomo wako uwe wa kutafunia tu."

Alikuwa na sababu. Sisi kwetu kula huku mtu anakutazama na usimwambie karibu, ni aibu inayokufuata mpaka msibani kwako. Marehemu mama alikuwa anasema karibu hata kwa mtu anayepita barabara ya pili. Na mimi nimemzidi mama. Naweza kusema karibu usingizini.

Leo nilikaa na ugali wangu na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa kwa karanga, mambo yenyewe. Meza ya pili alikuwapo Bwana Seif, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka Omani wakafika Tabora kwa biashara wakasahau njia ya kurudi. Yeye kadi hana na hataki. Analipa kamili, halafu anahakikisha umemwona.

"Mjomba Rama," akaanza, "si wewe uliyetuambia una shamba la tumbaku ambalo ndege akiruka kulivuka anapumzika katikati? Mbona unalishwa na serikali kama kifaranga?"

"Silishwi, Bwana Seif. Nasaidiwa kutafuna."

"Haya. Kodi ya duka langu imo kwenye hilo tonge. Litafune kwa adabu."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, lakini tonge lililofuata nikalikata dogo.

Akaingia Kulwa, yule jamaa wa mkokoteni anayebeba mizigo sokoni. Alikuwa ameleta gunia la mkaa la Zuhura, jasho linamtiririka mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu."

"Kula tu, mjomba."

"Kulwa, nimesema karibu. Unataka niite matarumbeta?"

Akanawa, akakaa. Kutoka jikoni nilisikia upawa umegonga sufuria kwa nguvu isiyo ya lazima. Nilijua ni salamu yangu. Nikajifanya kiziwi.

Hapo ndipo alipoingia mwanamke mmoja, kijana, mkoba begani, amevaa nadhifu. "Shikamooni," akasema, na kwa lafudhi tu nikamjua. Mgogo! Mtani wangu wa damu! Nani atanizuia tena?

"Karibu, mtani!" nikapaza sauti. "Babu zako waliwatoza babu zetu hongo kila walipopita Ugogo na mizigo ya watu. Njoo ule bure, uone watu wastaarabu wanavyompokea mpita njia!"

Akacheka. "Hongo ya babu yako ilipungua, mtani. Nimetumwa kuja kumalizia iliyobaki."

Akanawa mikono, akakata tonge, akachovya. Akasifu karanga. Mimi nikamweleza habari za babu mzaa babu, aliyebeba pembe za tembo kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, akibadilisha bega bila kusimama, na watu wa pwani wakamsikia akiimba siku nzima kabla hajatokeza. Alisikiliza vizuri sana. Nilidhani nimepata msikilizaji.

"Na kadi ya hii sahani ni ya nani?" akauliza.

"Yangu!" Kifua mbele.

"Na huyu kaka?"

"Mgeni wangu. Kama wewe."

Akanawa tena, taratibu, akatoa kitambulisho. Ni mkaguzi wa mpango.

Nikaona ukuta wa mgahawa unasogea.

Zuhura akatoka jikoni na upawa mkononi, karanga zinadondoka. "Kaka! Nilikuambia nini? Nilikuambia nini mimi?" Halafu akamgeukia mgeni, sauti ikashuka: "Dada yangu, huyu ndivyo alivyozaliwa. Hata akiwa mdogo alikuwa anawakaribisha mbuzi."

Mkaguzi hakukasirika. Alisema alikaribishwa na mtani, na karibu ya mtani haikataliwi, na hata tonge alilokula yeye mwenyewe ataliandika kwenye ripoti. Lakini alichokiona amekiona: sahani moja ya kadi, mikono ya watu watatu. Akaeleza kwa upole kwamba lazima aandike kosa ni la nani. Likiwa la mgahawa, mgahawa unatoka kwenye mpango. Likiwa la mlaji, mlaji ananyang'anywa kadi.

Nikajitetea kwa historia, maana ndiyo silaha yangu. Nikamwambia hata zamani za misafara wapagazi walipewa posho, vitambaa vya kubadilishia chakula njiani, na hakuna tajiri aliyesimama juu ya chungu kuuliza nani anakula na nani.

"Posho ya babu yako ilitoka kwa mwenye pembe," akasema. "Hii imetoka kwa watu wote. Hata mkulima wa Sikonge ambaye leo mchana amekula michembe ya viazi vikavu na maji, imo yake humu. Sasa mtani, nikuulize bila utani. Ungetakiwa kulipa bei kamili, ungeshindwa?"

Bwana Seif akaacha kutafuna.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, mrefu, wenye mvua ya mawe na ng'ombe waliopotea. Haukutoka.

"Nisingeshindwa," nikasema.

"Na huyu?"

Kulwa akatazama viganja vyake. Yeye kadi hana. Mjumbe anaandikisha wenye nyumba au chumba katika mtaa, na Kulwa analala sokoni, kando ya mkokoteni wake. Anakula Chemchem kila siku kwa karibu za watu, lakini mtaani hahesabiki.

Mkaguzi akatoa daftari mkobani. Halafu akauliza, "Basi, nimwandike nani?"

Hapo, enyi mnaosoma, mimi niliyetulia na nyuki mabegani, nikaanza kuzungumzia hali ya hewa. Nikasema mvua mwaka huu inachelewa. Zuhura alinitazama tu. Hakunitaja. Aliinua sahani mezani akarudi nayo jikoni, na mkaguzi akasema asubuhi atapita kunywa chai kabla ya kuondoka mjini, apate jibu.

Tangu wakati huo nipo hapa barazani.

Sijui kama ni haki serikali kumlipia mtu chakula cha mgahawani. Nimeligeuza swali hili kama chapati. Upande mmoja umeiva: nusu ile imewapa kazi wanawake wawili, imewatoa kina mama na kunde zao, imempa dada yangu usingizi. Pesa haikuishia tumboni mwangu, ilinipitia tu ikaenda mbele, kama msafara. Upande wa pili umeungua: anayeweza kulipa ana kadi, asiyeweza hana. Bwana Seif anachangia ugali wangu halafu analipa wake. Mkulima wa michembe anachangia pia, na mgahawa hajawahi kuingia.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote hayo.

Mimi hapa mtaani ninasifiwa kwa ukarimu. Najisifu mwenyewe pia, watu wasije wakasahau. Lakini karibu yangu ya leo, ile ya kifua mbele, nusu yake ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Nilikuwa mkarimu kwa mfuko wa nchi nzima. Sifa nikachukua zote peke yangu.

Hata hivyo sikubali kwamba kumkaribisha Kulwa ni kosa. Hapo nabishana na mkaguzi, na masharti, na yeyote aliyeyaandika akiwa peke yake mezani. Mtu mwenye njaa amesimama mbele yako na wewe unatafuna kwa utaratibu? Sheria ya namna hiyo Tabora itavunjwa kila siku na watu wema. Labda kadi ingekuwa ya anayesukuma mkokoteni kwanza, mengine yafuate. Labda ingekuwa ya sinia, si ya sahani, watu wale pamoja kama watu. Sijui. Mimi si mtaalamu, ingawa nimewahi kushauri wataalamu.

Ninachokijua ni cha kesho. Nitafika kwa Zuhura kabla ya chai kuchemka. Nitamwambia mtani wangu aandike kwamba mdomo uliosema karibu ni wa Rama, kwamba dada yangu alikataza, na nitaiweka kadi mezani. Akitaka nimpeleke kwa mjumbe tukaulize habari za watu wanaolala sokoni, nitampeleka, na njiani nitamsimulia mengine ya babu. Zuhura nitamwomba radhi, bila mvua ya mawe na bila ng'ombe.

Halafu mchana nitakaa meza ileile na sahani ya bei kamili, jasho langu lote, mpaka senti ya mwisho. Hakuna wa kuniuliza nani anakula na nani.

Kulwa atapita na mkokoteni wake, kama kawaida.

Nitasema karibu kwa sauti ileile?