Nyasi Ndani ya Tuta

Deo, mjukuu na mume wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Matai tu wazima. Mama yako anapalilia mahindi, na mguu wangu unalalamika kama kawaida.

Unauliza kama huko ugenini watakupa kibali cha kuishi na kufanya kazi kupitia kampuni uliyoifungua mwenyewe, bila tajiri wa kukuajiri na kukuombea. Tangu nisome hayo, simu ikilia naikimbilia na mguu huu huu.

Mimi na babu yako tulipopanda kutoka Ilemba, kule bondeni, hapa hatukuwa na ndugu. Wazee wa hapa walisema, "Limeni kwanza, tutakuja kuona." Tukalima matuta ya Kifipa, yale ya kufukia nyasi zioze ziwe mbolea. Kila aliyepita njiani nilidhani kaja kutufukuza.

Walipokuja hawakutuuliza ukoo. Mzee mmoja alichukua jembe akapasua tuta, maana wapo waliorundika udongo mtupu ili waonekane wamelima. Nyasi zilikuwemo, nyeusi, zimeanza kuoza. Akasema, "Hawa wamekuja kukaa."

Wakubwa wa huko sijui watapasua wapi. Ila niambie mimi kwanza, Deo: kwenye hiyo kampuni yako, nyasi zimo?

Bibi yako, anayekuombea